Maji Makavu

Kondoo wa Yustina Sanga walikutwa wamelala katika kibonde cha Lihala, na ilipita dakika nzima kabla mtu hajang'amua kwamba ule haukuwa usingizi. Walikuwa wamekunja miguu chini ya matumbo kama wafanyavyo kondoo walioshiba. Mmoja alikuwa bado na majani mdomoni. Hapakuwa na damu wala povu, wala nyasi zilizovurugwa na mnyama anayepigania roho yake.

Yustina hakulia. Alijitupia begani mtoto wa kondoo, akapanda mlima mpaka kwenye lango la Kituo, akamwambia mlinzi anataka kuonana na mtu wa bomba. Mlinzi akamuuliza bomba gani, maana Kituo kizima kilikuwa mabomba.

"Lile linalopumua," akasema Yustina.

Maneno hayo yalipomfikia Tusekile Mwakalobo, mhandisi wa upozaji, aliiacha chai yake mezani akatoka mwenyewe. Wengine walishangaa. Kondoo walikuwa shughuli ya bwana mifugo. Lakini Tusekile alijua jambo ambalo wengine hawakulijali: kila alipokagua geji ya tangi kuu, kimiminika kilikuwa kimepungua kidogo, na kila kilipopungua kiliongezwa kutoka kwenye mapipa, na hakuna aliyeuliza kile kilichopungua kimekwenda wapi.

Kituo cha Igumbwe kilijengwa kwenye uwanda ule wa juu, Makete, kwa sababu ya baridi yake. Ndani yake mlikuwa na mtambo ambao wote waliuita Jiko, kwa kuwa jina lake la kitaalamu lilikuwa refu na halikukaa mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuunganisha viini vya hidrojeni kama jua linavyofanya, moto ushikwe na sumaku bila kugusa chuma. Sumaku zililishwa umeme na swichi kubwa, vipande vya silikoni vipana kama sahani, vilivyofungua na kufunga mkondo wa kuweza kuyeyusha reli. Swichi hizo zilichemka. Hapo ndipo Jiko lilipokuwa likikwama mwaka baada ya mwaka: moto wa katikati ulishikika, swichi za pembeni zikashindwa kustahimili joto. Maji yangezipoza, lakini maji na umeme wa namna ile ni wake wenza, hawakai nyumba moja.

Ndipo yakaja maji makavu. Jina hilo alilitoa fundi Obadia Tweve, mzaliwa wa hapohapo Igumbwe, siku alipochovya kitambaa ndani ya kimiminika kile akakitoa, na kabla hajakikung'uta kikawa kikavu. Hayakuwa na rangi wala harufu, na hayakupitisha umeme hata chembe. Swichi zilizamishwa humo kama viazi chunguni. Zilipopata joto, kimiminika kilichemka taratibu, mvuke ukapanda, ukagusa mabomba ya maji baridi ya mto, ukarudi kuwa matone. Mvuke ukizidi, kilango kidogo kilifunguka na kuutoa nje, ubavuni mwa mlima. Bomba hilo mafundi waliliita bomba la pumzi. Watengenezaji walikuwa wameandika kwamba mvuke ule si sumu, na walisema kweli.

Tusekile akateremka na Yustina hadi Lihala. Ulikuwa wakati wa ukungu, hewa imetulia, hata majani ya mianzi hayatikisiki. Kibondeni nyuki kadhaa walikuwa wametapakaa, wamekufa, juu ya maua waliyokuwa wakiyanyonya. Tusekile alimwendea kondoo wa kwanza, akachuchumaa amtazame macho.

Hakusikia kitu. Baadaye hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kifua hakikubana, koo halikuwasha. Alijisikia mwepesi, hata akaona vema akae kidogo. Alikuwa akifikiri juu ya sufu ya kondoo yule, jinsi ilivyo safi, na magoti yake yalikuwa tayari yamegusa nyasi, pale Yustina alipomkamata kola ya koti akamvuta juu kama gunia, akamkokota hadi kwenye mteremko.

Aliporudiwa na akili, midomo yake ilikuwa na ganzi. Yustina alikuwa amesimama mbele yake, anahema.

"Nilikuita mara tatu, dada," akasema. "Ulikuwa unatabasamu."

Tusekile aliomba kiberiti. Akawasha njiti, akaishusha polepole kuelekea kibondeni. Kiunoni iliwaka vizuri. Chini ya goti ilizimika, kama vile kuna kinywa kilichoipuliza.

*

Profesa Anselm Rwechungura, mkuu wa Kituo, alimsikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu wa makelele, wala hakuwa mtu mbaya. Watu waliotaka kumchukia walipata taabu sana. Tusekile alimweleza kwamba mvuke wa maji makavu ni mzito kuliko hewa mara nyingi. Ukitoka, haupandi. Unatambaa ukifuata mteremko kama maji yenyewe, unajikusanya bondeni, unaisukuma hewa juu. Upepo ukivuma hutawanyika na hakuna madhara. Siku ya ukungu unakaa. Anayeingia humo hafi kwa sumu. Anakosa tu cha kuvuta, na mwili haumwambii.

Profesa aliuliza maswali mazuri, moja baada ya jingine. Mwisho akavua miwani.

Akamwambia habari ambayo Tusekile aliijua nusunusu. Mdogo wake Profesa alikuwa amefia mezani, tumbo wazi mbele ya daktari wa upasuaji, siku umeme wa mgao ulipokatika na jenereta ikagoma. Alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Mvua zilikuwa zimeyakimbia mabwawa kwa miaka; mijini taa ziliwaka kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho, na hospitali zilipanga kuzaa na kufa kwa ratiba ya mgao. Jiko likiwaka kwa muda uliokusudiwa, hata mara moja, wafadhili wangejenga mengine makubwa. Lisipowaka kabla ya masika, wangefunga mkoba wao na kuondoka.

"Unaniambia kondoo sita, binti yangu," alisema. "Siwadharau. Lakini na mimi nina hesabu yangu, na haina kondoo ndani."

Walikubaliana hivi. Kibonde kingezungushiwa waya. Siku za ukungu bomba la pumzi lingefungwa, na mvuke ungegeuziwa ndani, katika ukumbi wa swichi, ambamo hakuna mtu anayeruhusiwa kuwamo Jiko likiwaka. Hilo lingechosha mitambo, lakini lingewezekana. Profesa aliahidi, na Tusekile akajua kwamba ahadi ile ataitimiza. Akatoka ofisini na moyo mzito vilevile, asijue kwa nini.

Waya ulizungushwa wiki hiyohiyo. Kabla wiki ya pili haijaisha, ulikuwa umekwisha kukanyagwa sehemu mbili, chini kabisa kama mkeka. Njia ya mkato kwenda mashamba ya viazi ilipita Lihala tangu enzi za mababu, na hakuna aliyeona sababu ya kuzunguka mlima mzima kwa ajili ya hewa. Tusekile alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaonya. Walimkaribisha, walimpa kiti, waliitika. Mzee mmoja alimuuliza hiyo hewa mbaya inafananaje, ili akiiona akimbie.

*

Siku ya mwako mrefu, ya kuliwasha Jiko kwa muda wote uliokusudiwa, iliamka na ukungu mzito kuliko wote wa mwaka ule. Tusekile alishauri wasubiri. Profesa akasema mto unapungua, maji yake yanazidi kupata joto kila siku, na wakisubiri jua watakosa baridi. Hoja zote mbili zilikuwa kweli.

Akiwa njiani kwenda chumba cha udhibiti, Tusekile alikuwa amekutana na Yustina na wenzake, wanawake kwa wanaume, wamebeba majembe na magunia. Walikuwa wakienda kuvuna kwa ujima. Aliwasihi wapite njia ya juu. Yustina akamwambia watapita ya juu. Kisha wakamezwa na ukungu, na Tusekile hakuona wamegeukia wapi.

Jiko likawashwa. Mwanzoni hapakuwa na la ajabu, mngurumo tu uliopanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno. Halafu mtu wa vipimo akasimama, akaonyesha kwa kidole. Moto ulikuwa unajilisha wenyewe. Kwa mara ya kwanza Jiko lilitoa zaidi ya lilichokula. Vijana wawili wakakumbatiana. Profesa alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

Tusekile alikuwa akitazama geji ya tangi.

Mvuke ulikuwa unapanda kuliko kawaida. Maji ya mto hayakuwa yakifika ya kutosha; kuna kitu kilikuwa kimeziba. Redio ya mkononi ikakwaruza mezani, ikasikika sauti ya Obadia. Alisema chujio la pampu limejaa majani, ameshuka kwenye handaki la mabomba analisafisha, asihofu, kazi ya dakika chache. Sauti yake ilikuwa na furaha. Naye alitaka Jiko liwake.

Handaki lile lilipita chini ya ukumbi wa swichi. Sheria ilikataza mtu kuwamo ukumbini, handaki haikulitaja. Na ukumbi ulikuwa umeanza kujaa mvuke, na mvuke hushuka.

Tusekile akabonyeza redio akamwita. Sumaku zilikuwa zimefika kwenye nguvu zake zote, na redio haikutoa chochote ila mkwaruzo. Akaita tena. Akamtuma kijana mmoja akimbie, na alipokuwa akimtuma alijua kwamba kutoka pale hadi mdomo wa handaki ni mbali kuliko pumzi ya mtu.

Akamweleza Profesa kwa maneno machache. Profesa alielewa mara moja, uso ukambadilika. Akaagiza Jiko lizimwe.

"Kulizima kunaongeza," Tusekile alisema. Hakuwa na haja ya kumfundisha. Nguvu iliyohifadhiwa ndani ya sumaku haifi kwa kuzimwa. Ingerudi yote kupitia swichi zilezile, kama lori lililosheheni linaloshuka mlima: ukitaka lisimame, breki ziungue. Kwa muda mfupi mvuke ungekuwa mwingi kuliko siku nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Na ungelazimika kwenda mahali.

"Basi utoe nje," akasema Profesa. "Geuza kilango. Bondeni kuna waya."

"Bondeni kuna watu, Profesa."

Profesa aligeukia dirisha. Nje palikuwa peupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Hujui," akasema taratibu. "Walikwambia watapita juu. Ukungu umefunga, huwaoni. Hujui kama wapo."

Ilikuwa kweli, na Tusekile aliusikia uzito wa ukweli ule, ukimtuliza, ukimlegeza magoti. Kutojua kulikuwa kwepesi. Mtu angeweza kukaa humo. Angegeuza kilango, Obadia angepanda ngazi na mikono imejaa majani, Jiko lingezimika salama, na kesho wangeliwasha tena mbele ya dunia. Na kama ukungu ungefunguka ukaonyesha kitu, basi ungeonyesha kitu ambacho hakuna aliyekijua.

"Ndiyo," akasema. "Sijui."

Chini ya meza yake kulikuwa na mkono wa chuma wenye rangi nyekundu, uliowekwa kwa ajili ya moto. Ukivutwa, ungeyamwaga maji makavu yote kwenye shimo la akiba, chini ya mwamba, na kuufunga mfuniko. Bila kimiminika hapangekuwa na mvuke tena wa kwenda popote. Wala hapangekuwa na cha kuzipoza swichi.

Profesa aliuona mkono wake ulipokwenda. Hakumshika. Alilitaja tu jina lake, "Tusekile," kama mtu anayemwomba mgeni asiondoke bado.

Akauvuta.

Kwa muda hakuna kilichotokea, ila geji ikishuka. Kisha Jiko likazimika, nguvu ya sumaku ikarudi nyumbani ikakuta swichi zimekauka. Mlio wa kwanza ulikuwa kama ubao unaopasuka. Iliyofuata haikuhesabika. Taa zote zikafa, na kupitia sakafu walisikia chuma kikiungua na kupiga yowe, swichi baada ya swichi, ukumbi mzima, kazi ya nusu ya maisha ya kila mtu aliyekuwamo chumbani.

Obadia alitolewa handakini akitambaa, amepauka, hajui yuko wapi. Alikuwa ameanza kusinzia, alisema baadaye, akiota yuko kwao anaota moto jikoni kwa mama yake. Mshindo ndio uliomwamsha. Sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Jioni ukungu ulipoinuka, wavunaji walirudi na magunia yao. Walipita Lihala.

*

Tume ilikuja kutoka mjini. Walipima hewa ya kibondeni siku ya upepo, wakaikuta safi. Waliuliza kondoo wako wapi. Walikuwa wamekwisha kuliwa na mbwa. Walimuuliza Tusekile ni nani aliyekufa, naye akajibu hakuna. Wakamuuliza kama aliwaona watu bondeni kabla ya kuuvuta ule mkono. Akasema hakuwaona. Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye upole, alifunga faili lake akasema wanashindwa kuandika kwamba Jiko liliteketezwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea. Profesa aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza yote kama yalivyokuwa, bila kumwongezea wala kumpunguzia, na ukweli wake ukamwangusha Tusekile kuliko uongo wa adui.

Wafadhili waliondoka. Mgao uliendelea, ukawa mkali zaidi. Igumbwe nako waliokuwa na ajira walizipoteza, akiwamo mtoto wa kiume wa Yustina, na Yustina alipokutana na Tusekile stendi, siku mhandisi huyo alipokuwa akiondoka, alimsalimia vizuri, lakini hakusimama. Jina la Tusekile lilijulikana mijini. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alimpigia simu kumwambia kwamba mtoto wake njiti alikuwa kwenye mashine ya joto na umeme ukakatika. Hakutukana. Alieleza tu, kwa kirefu, mtoto alivyokuwa, vidole vyake vilivyokuwa. Tusekile hakuikata simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, na neno pekee alilokuwa nalo, kwamba wavunaji wale walirudi nyumbani, lisingemfaa mama yule kitu.

Akarudi kwao Tukuyu. Akapata kazi ya kutengeneza majokofu ya maziwa ya ushirika. Ndiko Profesa Rwechungura alikomfuata, amekonda, amevaa koti la mvua lililompwaya.

Waliongea kwanza habari za nyumbani, kama inavyopasa. Kisha Profesa akasema kwamba ule mwako mfupi, kabla ya mkono mwekundu, ulikuwa umepimwa na kuthibitishwa. Wafadhili walikuwa wamerudi. Wangejenga Jiko jipya, kubwa mara kumi, kwenye milima ya kaskazini, juu ya mji wa Kwedivumo. Maji makavu yangekuwa matangi kwa matangi. Alikuwa amekuja kumwomba awe msimamizi wa upozaji.

"Wapo vijana wengi wenye vyeti," alisema. "Hakuna hata mmoja anayeyaogopa. Usipokuja wewe, nitampa asiyeogopa."

Aliukunjua mchoro juu ya jokofu. Ulikuwa mchoro mzuri, na Tusekile aliona mara moja mambo aliyokuwa ameyadai zamani yamewekwa: pampu za akiba, machujio mawilimawili, handaki limeingizwa kwenye sheria. Akafuata mstari wa bomba la pumzi kwa kidole, kutoka ukumbini, ukuta hadi ukuta, mpaka ulipotokeza nje. Ulielekea kwenye mteremko. Kidole chake kikateremka nao mpaka chini, kikasimama.

"Nitakuja," akasema. "Kwa sharti moja. Nyumba ya mhandisi ijengwe hapa. Na yako, hapa, ubavuni mwake."

Profesa aliinama akapatazama mahali pale. Alitazama kwa muda mrefu, akipima kwa macho kama mtaalamu anavyopima, mwinamo, mto, vilima vinavyozuia upepo.

"Pale hapafai kuishi mtu, Tusekile," akasema.

Halafu akasikia alichokisema. Mkono wake ulibaki juu ya karatasi. Chini ya kidole cha Tusekile palikuwa na vijumba vidogo vya wino, vimebanana hadi ukingoni mwa mto, na jina la mji limeandikwa katikati yake kwa herufi nadhifu.

Profesa aliukunja mchoro polepole, akauingiza kwenye mfuko wake, akaaga. Wala hakulifuta ombi lake, wala Tusekile hakulijibu.

Wiki iliyofuata Tusekile aliomba ruhusa kwa ushirika, akapanda basi kwenda Kwedivumo. Hakwenda kilimani, ambako matingatinga yalikuwa yamekwisha kuanza kukata ardhi nyekundu. Alishuka mjini, akatembea kuelekea chini, na kila barabara ilipogawanyika akafuata ile inayoteremka, mpaka barabara ikaisha. Palikuwa na nyumba ya bati, nguo zimeanikwa, na hewa imetulia kabisa.

Akabisha hodi. Mwanamke mmoja akatoka akijifuta unga mikononi, akamkaribisha, akamuuliza amekuja kwa habari gani. Tusekile akafungua mdomo amwambie, juu ya kitu kisicho na rangi wala harufu, ambacho hakijafika, na ambacho hakijamuua mtu yeyote.